Mazutu au esansi? Historia ya moteri kwenye ufuko wa Tanganyika na swali la pikapu za Uvira

Katika magaraji ya Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, swali moja hurudi kila mara bei ya mafuta inapopanda. Mtu mwenye pikapu ya zamani inayotumia esansi aitoe moteri yake na kuweka ya mazutu, ile ambayo Watanzania huiita dizeli, au aiache ilivyo? Si swali dogo. Pikapu moja inaweza kulisha nyumba tatu: ya mwenye gari, ya shofere, na ya mama anayepakia ndagala Baraka. Hesabu ikikosewa, pesa ya masomo ya watoto inalala garajini.

Swali hili linaonekana kuwa la leo, lakini wakaaji wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakilikuta kwa zaidi ya miaka 100, kwenye meli, reli, kamio na magari madogo. Ukiifuata historia hiyo, unaona jambo moja likijirudia: moteri iliyodumu hapa haikuwa lazima ile yenye nguvu zaidi. Ni ile iliyopata mafuta, piesi na fundi mahali ilipo.

Mvuke na esansi vyakutana ziwani

Moteri kubwa za kwanza ziwani zilikuwa za mvuke. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli Graf von Goetzen katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg. Waliifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku karibu 5,000, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915, vita vikuu vikiwa vimeanza.

Waingereza walijibu kwa njia nyingine. Walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, zenye moteri za esansi. Zilipakiwa kwenye treni kutoka Afrika Kusini, zikavutwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke kupita milima ya Katanga, hadi zikafika upande wa Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo zilikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Zilikuwa nyepesi na zenye mbio kuliko meli zote za ziwani wakati huo.

Lakini mbio hizo zilikuwa na bei yake. Esansi ya mashua ililazimika kuletwa kutoka mbali, na moteri zao hazikuweza kubeba mzigo mzito. Vita vilipokwisha, si mashua za esansi zilizobaki kuwa usafiri wa watu na mali. Ni ile meli nzito ya mvuke iliyorudi.

Ilirudi kwa sababu ya jambo ambalo kila fundi wa Uvira atalielewa. Julai 1916, Wajerumani walipoona hawataweza kuilinda, walizamisha Goetzen wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walipaka moteri grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kukuta moteri zingali zinafaa. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya: Liemba.

Reli iliyoishia Kamanyola

Upande wa Uvira, Wabelgiji walikuwa na shida yao: namna ya kupandisha mizigo kutoka ziwani hadi Kivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walifungua reli ya Kivu, CEFAKI, kutoka Uvira kupita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola. Reli haikuendelea mbele. Milima ya Ngomo ilikuwa mikali mno, na mizigo ilishushwa pale na kupandishwa kwenye kamio kwenda Bukavu.

Hapo kamio ilipata nafasi yake. Kama mzigo utapakiwa kwenye kamio Kamanyola, kwa nini usipakiwe kwenye kamio tangu Kalundu? Barabara iliposhinda hesabu hiyo, reli ilikufa, na ilifungwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Tangu hapo bonde zima, Kiliba, Sange, Luvungi hadi Kamanyola, linategemea magurudumu ya mpira na pipa la mafuta.

Mazutu inafanyaje kazi

Moteri ya mazutu ina jina la Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1893. Mwaka 1897 moteri yake ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg. Tofauti yake na ya esansi ni rahisi kueleza. Moteri ya esansi huwasha mafuta kwa cheche ya buji. Moteri ya mazutu haina buji za cheche. Inabana hewa kwa nguvu sana hadi hewa yenyewe inakuwa moto, kisha pompi inanyunyiza mazutu ndani, nayo inawaka. Moteri ya esansi ya zamani hubana mchanganyiko wake mara 8 hadi 10. Ya mazutu za Toyota za zamani hubana hewa zaidi ya mara 20.

Kutokana na tofauti hiyo moja tunapata faida zote na hasara zote. Kwa kubana zaidi, moteri ya mazutu inatumia mafuta machache kwa kazi ileile, na inavuta mzigo ikizunguka polepole. Lakini ili istahimili mbano huo lazima iwe nzito, na pompi yake ni chombo cha ufundi wa hali ya juu. Pompi hiyo inalainishwa na mazutu yenyewe. Mazutu iliyochanganywa na petroli ya taa inaikausha na kuila taratibu, na maji ndani ya mazutu yanaiharibu upesi zaidi.

Kuna historia nyingine ndani ya moteri hii ambayo inawahusu watu wa Fizi na Baraka kwa karibu. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipata haki ya uvumbuzi wa kugeuza mafuta ya mawese ya Kongo kuwa mafuta ya moteri. Mwaka uliofuata basi lilisafiri kati ya Brussels na Leuven likitumia mafuta hayo. Ndiyo kusema mawese yaliendesha basi Ubelgiji kabla ya vita vya pili. Lakini yalikuwa yamepikwa na kubadilishwa katika maabara. Anayemwaga mawese ya sokoni moja kwa moja ndani ya rezervuari anaziba filta na vinyunyizio, na hasara inakuwa kubwa kuliko mazutu aliyotaka kuikwepa.

Miaka ya 1970: meli yabadilishiwa moteri

Mwezi Oktoba 1973 mataifa ya Kiarabu yalipunguza mafuta waliyouza kwa nchi za Magharibi, na bei ikapanda dunia nzima. Wiki chache baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka na makampuni ya wageni, pamoja na mengi yaliyoleta magari na piesi, yalipewa wananchi walioteuliwa na serikali. Mengi yalianguka. Kwa hiyo mwenye gari wa Kivu alipigwa mara mbili: mafuta yalipanda bei na piesi zikapotea. Ufundi wa kutumia piesi ya gari moja kwenye gari lingine, ambao mafundi wa Uvira wanajulikana kwao hadi leo, ulikomaa katika miaka hiyo.

Ni katika miaka hiyohiyo ya 1970 ambapo Liemba, upande wa Tanzania, ilitolewa moteri za mvuke na kuwekewa za mazutu. Huo ulikuwa ubadilishaji mkubwa wa moteri, na sababu zake zinafaa kuangaliwa.

Kwanza, chombo chenyewe kilikuwa kizima. Chuma cha Papenburg kilikuwa kimekaa chini ya maji miaka kadhaa na bado kilifaa kazi. Kama kingekuwa kimeoza, hakuna mtu angefunga moteri mpya ndani yake. Pili, mvuke ulikuwa umepoteza watu wake: boila inahitaji saa nyingi za kupashwa moto, na mafundi wanaoielewa walikuwa wanapungua. Tatu, mazutu ilikuwa tayari inafika Kigoma kwa reli. Na kazi haikuishia hapo. Mwaka 1993 meli ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark, maana moteri mpya nayo inazeeka.

Faida yake ilionekana na watu wa upande wetu. Mwaka 1997, baada ya vita vya AFDL, Liemba ilirudisha maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Tanzania. Mwaka 2015 ilibeba maelfu ya Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Meli ya mwaka 1913 ilifanya kazi hiyo kwa sababu mtu aliamua vizuri kuhusu moteri yake.

Toyota zafika barabarani

Pikapu ambazo Uvira inazijua zaidi ni Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, na Land Cruiser. Hilux za kwanza zilikuwa za esansi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Toyota ilianza kutoa Hilux za mazutu, na kutoka hapo zikazaliwa moteri ambazo kila fundi anazitaja kama majina ya watoto wake: 2L yenye ujazo wa 2,446, 3L ya 2,779 na 5L ya 2,986. Kwa Land Cruiser, mwaka 1990 ilikuja 1HZ, silinda sita na ujazo wa 4,164, ambayo mashirika ya misaada na majeshi yameisambaza kila kona ya Kivu. Upande wa esansi, maarufu zaidi kwenye Hilux ni 22R ya 2,366.

Majina haya yana uzito katika uamuzi. Moteri inayojulikana sana ina piesi sokoni, hata za okazyo, na ina mafundi walioifungua mara mia. Moteri ya kisasa yenye kompyuta inaweza kuwa bora kwenye karatasi, lakini ikizimika Makobola usiku hakuna wa kuisoma. Hapa ndipo historia ya mashua za Mimi na Toutou inapofaa.

Maji, moto na barabara

Kuna sababu nyingine zinazowafanya watu wa ufuko huu wapende mazutu. Moja ni maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba za watu, na baada ya hapo ziwa lenyewe limepanda mara kadhaa hadi barabarani. Moteri ya esansi ya zamani ikimwagikiwa maji kwenye waya za cheche, inazimika. Ya mazutu haina cheche, kwa hiyo inavuka, mradi maji yasiingie kwenye bomba la hewa. Yakiingia hapo, moteri inavunjika ndani, kwa sababu maji hayabaniki.

Nyingine ni moto, na hapa hakuna mkaaji wa bonde la Ruzizi anayehitaji kukumbushwa. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange. Watu walikuwa wamekusanyika karibu, wengine wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto ulipowaka uliua zaidi ya watu 230. Mvuke wa esansi unawaka hata katika baridi, na unatambaa chini kutafuta moto. Mazutu haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Hii haimaanishi kwamba mazutu haiunguzi, bali nyumba inayoweka bidoni ya esansi chini ya kitanda ina hatari kubwa kuliko inayoweka mazutu.

Hesabu ya bidoni

Basi mwenye pikapu ya esansi afanye nini? Historia inampa maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni la Liemba: chuma ni kizima? Shasi iliyoliwa na kutu, au iliyounganishwa mara mbili, haistahili moteri mpya. Ya mazutu ni nzito zaidi na inatetemeka zaidi, na itamaliza kile kilichobaki.

La pili: unanunua moteri peke yake, au vyote vinavyofuatana nayo? Moteri ya mazutu inahitaji bwate vitesi inayolingana, radiateri kubwa zaidi, betri yenye nguvu, springi za mbele ngumu, na bomba la kurudisha mazutu kwenye rezervuari. Inahitaji pia pompi ya kuvuta hewa kwa ajili ya breki. Moteri ya esansi inavuta hewa hiyo yenyewe, ya mazutu haifanyi hivyo. Fundi akisahau pompi hiyo, kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe, na shofere atalijua hilo akiwa anashuka Ngomo na mzigo. Asiye na pesa ya vyote asianze.

La tatu ni la hesabu, na ni vizuri kuihesabu kwa bidoni kuliko kwa dola, kwa sababu bei zinacheza. Tuseme, kama mfano, pikapu ya esansi yenye mzigo inakula lita 15 kwa kilomita 100, na ileile ikiwa na mazutu inakula 11. Unaokoa lita 4. Kwenda Baraka na kurudi ni karibu kilomita 180, kwa hiyo safari moja inaokoa lita 7 na kidogo. Kama kazi yote ya kubadilisha itagharimu thamani ya bidoni 75 za lita 20, yaani lita 1,500, utahitaji safari zaidi ya 200 kurudisha pesa. Anayekwenda mara mbili kwa wiki atamaliza deni baada ya miaka miwili, kama barabara haikufungwa. Anayetembea mjini tu, kutoka Mulongwe hadi Kalundu, hatairudisha kabla moteri haijazeeka. Kila mtu aweke namba zake mwenyewe: wakati mwingine mazutu inakuwa ghali kuliko esansi, na hesabu inageuka.

La nne ni karatasi. Namba ya moteri imeandikwa kwenye karti rozi. Gari lenye moteri isiyolingana na karatasi ni chakula cha kila barieri, na mpakani Kavimvira inaweza kuzuiliwa. Hati ya kununua moteri na kusahihisha karatasi ni sehemu ya bei, na muuzaji asiyeweza kutoa hati anauza kitu ambacho pengine kiliibwa kwa mtu mwingine wakati wa vita.

Kwa moteri ya okazyo yenyewe, mafundi wana desturi nzuri: isikilizwe ikiwashwa baridi, kifuniko cha mafuta kifunguliwe ikiwa inazunguka ili kuona kama inapumua moshi, na maji ya radiateri yaangaliwe kama yana mafuta. 2L hasa inajulikana kwa kupasuka kilasi ikipata joto kupita kiasi. Iliyochemka mara moja ikauzwa haraka ni hasara ya mtu mwingine inayotafuta mwenyewe mpya.

Kwa familia zilizo mbali na gari lao

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, na tena Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, maelfu ya familia walivuka kwenda Burundi. Wengine waliacha gari nyuma. Wengine walivuka nalo wakakuta Burundi yenyewe ina uhaba mkubwa wa mafuta, ya esansi na ya mazutu pia. Katika hali hiyo kuna wanaoambiwa wauze kwa bei ya chuma, au wabadilishe moteri upesi ili wapate kazi. Maswali manne ya juu yanawahusu wao zaidi kuliko wengine, kwa sababu hawana pesa ya kukosea mara mbili. Mahali ambapo mafuta yote mawili hayapatikani, kubadilisha moteri hakuongezi hata lita moja.

Gari linaweza kungoja, likitunzwa. Esansi iliyokaa miezi mingi inaharibika na kuacha gundi kwenye karbureta, afadhali itolewe. Mazutu inakaa zaidi, lakini rezervuari ijazwe au ikaushwe, maana nafasi tupu inakusanya maji. Betri ifunguliwe. Kabla ya kuliacha, kijiko cha oili safi kitiwe katika kila silinda ya esansi kupitia tundu la buji, na moteri izungushwe kwa mkono. Midomo ya hewa na ekzosi izibwe ili panya na maji visiingie. Ndivyo walivyofanya, kwa namna yao, mafundi wa Goetzen mwaka 1916 walipopaka grisi juu ya moteri ambayo hawakujua kama itaonekana tena. Iliinuliwa miaka minane baadaye.

Na karti rozi, hati ya kununulia na namba ya moteri iliyoandikwa pembeni, vitembee pamoja na familia, si ndani ya gari. Gari linaweza kuhamishwa na mtu mwingine, na siku ya kurudi, karatasi hizo ndizo zitakazosema ni la nani.